Siku Mia Moja Melini, Nami Simjui Mtu

Dada yangu,

Wasomaji wako wengi wanakuita Shangazi, lakini mimi nina miaka 67 na nadhani tu rika moja, kwa hiyo niwie radhi nikikuita dada.

Ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeishi Leicester, Uingereza. Nilikuwa muuguzi hospitalini hadi nilipostaafu. Marehemu mume wangu alifanya kazi bandari ya Kilindini kabla hatujahama, na tangu ujana wake alikuwa akisema kwamba siku moja naye atapanda meli awe abiria, aizunguke dunia, wengine wampakulie mizigo. Hakujaaliwa. Ameniacha miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu nimetoa sehemu ya akiba yetu, watoto wakaongeza, na nimeshalipia ile safari aliyoitaka.

Meli inaondoka Southampton mwanzoni mwa Januari na kurudi Aprili. Ni zaidi ya siku 100: Madeira, Barbados, Mfereji wa Panama, San Francisco, Honolulu, Samoa, Auckland, Sydney, Singapore, Colombo, Mauritius, Cape Town, halafu inapanda tena Atlantiki hadi tulikotoka. Nilipokaa kuipitia ratiba nikaona karibu nusu ya siku zote hatugusi nchi kavu. San Francisco hadi Honolulu ni maji matupu siku nne. Honolulu hadi Samoa ni siku tano nyingine.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kuniruka. Nitakuwa peke yangu. Sinywi pombe, sichezi dansi, najifunga mtandio. Ramadhani, kwa hesabu yangu, itaanza tukiwa Pasifiki, na Idi itanikuta karibu na Singapore. Mwenzangu mmoja wa kazini zamani, ambaye amewahi kusafiri hivyo, ananiambia abiria wengi ni mume na mke, na waliobaki wanajuana tangu safari zilizopita, kwa hiyo mgeni huishia kula kimya. Binti yangu naye anasema ananijua: nitajifungia chumbani na simu mkononi nikisubiri ujumbe wao wa WhatsApp. Sina hakika kwamba amekosea. Kabla mume wangu hajaugua, mimi na mdogo wangu tulisafiri kwa meli juma moja huko Norway. Ilipendeza mno, lakini tulishuka bila kujua jina la mtu hata mmoja.

Halafu, dada, naogopa na kinyume chake pia: nimpate mtu mmoja anigande tangu asubuhi hadi usiku, nikose hata pa kupumulia.

Nitawapataje watu wa kuzungumza nao, na hizo siku za maji matupu nitazipitishaje? Au nijaze sanduku vitabu tu?

Wako,
Mama wa Leicester

Jibu la Shangazi

Dada yangu, endelea kuniita hivyo hivyo, nimefurahi. Pole sana kwa kuondokewa na mwenzako, na Mungu amrehemu. Nimezijua safari hizi ndefu, nyingine nikiwa na mwenzangu na nyingine peke yangu, na barua yako nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Umeuliza maswali mawili, na mimi nayaona ni swali moja. Marafiki wa melini hupatikana siku za baharini. Bandarini watu hutawanyika: huyu amepanda basi la watalii, yule anasaka duka la dawa, wale wawili wameshikana mikono wanatafuta kahawa, na jioni kila mtu anarudi amechoka na miguu inamuuma. Meli ikiwa katikati ya maji hakuna pa kutawanyikia. Mama uliyepishana naye kwenye ngazi asubuhi utamkuta mchana kwenye supu na alasiri kwenye chai, na kesho vivyo hivyo, na keshokutwa. Urafiki wa watu wazima haudai zaidi ya hapo: uso ule ule, mahali pale pale, saa ile ile, bila haraka. Kwa hiyo zile siku tisa za Pasifiki zinazokukosesha usingizi ndizo ninazokutakia kuliko zote.

Ndiyo sababu Norway hamkumjua mtu. Kila siku kulikuwa na bandari mpya, na mlikuwa wawili mnaozungumza lugha yenu. Watu huona haya kuwaingilia wawili wenye mazungumzo yao. Mtu aliyekaa peke yake na kikombe cha chai huku anatabasamu, huyo husogelewa.

Tuanzie mwanzo basi. Mkishatoka Southampton mwezi wa Januari, mtapita magharibi ya Ghuba ya Biskaya, na majira hayo bahari ya huko huwa na mawimbi makubwa. Abiria wengi hujilaza vyumbani siku hizo. Wewe ni muuguzi, hunihitaji nikufundishe kwamba dawa ya kigegezi humezwa kabla tumbo halijachafuka, na kwamba kwa umri wetu lazima mfamasia aione kwanza pamoja na dawa zako nyingine. Ninachosisitiza ni kwamba usizipoteze siku hizo tatu nne za kwanza. Hapo ndipo kila mtu ni mgeni, hata wale wenye kujuana, maana hawajajua nani yumo safari hii na nani hayumo. Kila mtu anatafuta mahali pa kukaa. Baada ya juma moja viti vinakuwa vimeshapata wenyewe, na kujipenyeza kunawezekana lakini kunadai ujasiri zaidi.

Meza ya chakula cha jioni ndiyo jambo ninalolipa uzito kuliko yote, na linaamuliwa kabla hujafunga sanduku. Meli nyingi zinazotoka Uingereza bado zina utaratibu wa meza maalumu na saa maalumu. Omba meza ya watu wanane. Wakala anaweza kukudokezea meza ndogo "ili ujisikie huru." Kataa. Kwenye meza ya wawili ukipangiwa mtu asiyekupendeza umekwama naye, na ukipangiwa kiti kitupu utamwona mumeo kwenye kiti hicho kila jioni. Meza ya wanane ina mzungumzaji mmoja, wasikilizaji wawili watatu, na daima mtu mwingine aliyekuja peke yake. Na omba zamu ya pili. Zamu ya kwanza huanza saa 12 au 12 na nusu jioni, na ukiwa karibu na ikweta hiyo ndiyo saa jua linapozama, yaani saa ya kufuturu. Zamu ya pili, mnamo saa 2 na nusu usiku, itakuacha ufuturu kwa utulivu, usali, ndipo ushuke kula na wenzako.

Ukiona baada ya siku kadhaa kwamba meza haikufai, usivumilie mpaka Sydney kwa kuona aibu. Nenda kwa msimamizi wa mkahawa asubuhi, kabla ya pilikapilika, umwambie kwa upole kwamba ungependa kuhamishwa. Hatakuuliza mengi. Kazi hiyo anaifanya kila siku na anajua kuipanga bila mtu kuudhika.

Sasa nikupe siri ya watu wa alfajiri. Mnakwenda magharibi, kwa hiyo kila baada ya siku chache mtarudisha saa nyuma kwa saa moja. Hadi Barbados mtakuwa mmerudisha saa nne. Miili haifuati haraka, na abiria wengi huamka kukiwa bado giza. Wewe utakuwa umeamka kwa sala hata hivyo. Ukimaliza, vaa kitu kizito, panda kwenye ile sehemu ya chai inayofunguliwa mapema, karibu na sitaha ya nje. Utawakuta pale watu wachache, na wengi wao ni waliosafiri peke yao: wajane, wagane, na wake ambao waume zao bado wanakoroma. Hakuna muziki, hakuna anayeuza kinywaji. Ukienda asubuhi mbili unasalimiwa, ukienda asubuhi tano unauliziwa siku usipotokea. Marafiki niliodumu nao kutoka safari za meli, wengi nilianza nao kwenye chai ya alfajiri.

Na ukienda kufua, kaa usubiri nguo zako. Meli nyingi za Kiingereza zina chumba cha kufulia cha abiria, chenye mashine na pasi, na kwenye safari ndefu kila mtu hupita humo, tajiri wa sitaha ya juu na mstaafu wa chumba kisicho na dirisha. Ni kama kisimani zamani: nani anaumwa, nani amegombana na mumewe, mhadhara gani wa kesho haufai, yote utayasikia hapo, na mazungumzo yanajianza yenyewe kwa sababu kuna kitu cha kulalamikia pamoja, nacho ni foleni.

Jioni utaletewa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho. Imejaa mambo tangu asubuhi hadi usiku wa manane, na hapo wageni wengi hupotea. Wanakimbilia hili na lile, siku inaisha wamekutana na watu mia na hawakumkumbuka hata mmoja. Wewe chagua mawili tu. Moja liwe la kichwa: mihadhara ya historia au ya nyota, darasa la karata za bridge, au chemsha bongo. La pili liwe la mikono. Halafu nenda kila siku ya baharini, ukae sehemu ile ile. Usiamue kwamba jambo halikufai kabla hujalijaribu mara tatu.

Chemsha bongo inakufaa hasa. Timu huwa za watu wanne hadi sita, na mara nyingi kuna iliyopungukiwa. Nenda kwenye meza uwaulize moja kwa moja, "Mna nafasi ya mtu mmoja?" Watu wakigundua kwamba timu yao sasa ina muuguzi wa miaka mingi anayejua pia miji mikuu ya Afrika, watakutengea kiti. Mara nyingi hufanyika kwenye ukumbi wa baa, na najua hilo linakusumbua. Agiza chai, au maji ya tangawizi yenye barafu, ukae. Usitoe maelezo ya kwa nini hunywi. Ukieleza unalifanya jambo kubwa. Melini wako wengi wasiokunywa kwa sababu ya dawa, ini, au mapenzi yao tu.

Kwa upande wa mikono, nina ombi. Karibu kila safari ndefu huwa na kikundi cha wafumaji wanaokutana siku za baharini na nyuzi zao za sufu. Wewe umetoka Mji wa Kale. Kama unajua kushona kofia za viua, au uliwahi kujua, beba kitambaa, uzi na sindano. Wenzako watakuwa wanafuma soksi na shali, vitu wanavyovijua wote. Kofia inayotobolewa kitundu kimoja kimoja kwa mkono hawajawahi kuiona ikishonwa. Watauliza ni nini, ni ya nani, inachukua muda gani, na ukishajibu hayo umeshawaeleza unakotoka, mumeo, watoto wako, bila kulazimika kujinadi. Mtu mwenye haya hustareheka zaidi akizungumza huku macho yake yakiwa kwenye sindano.

Mwenzako wa kazini hakukudanganya kuhusu wanaojuana. Wapo, na kampuni huwaandalia hafla zao kwa kuwa ni wateja wa miaka mingi. Lakini visa vyao wameshasimuliana vyote. Anapotokea mtu mpya anayeuliza kwa dhati, "Ulipopita hapa mara ya kwanza kulikuwaje?", nyuso zao hung'aa. Waulize. Na ukikutana na mtu yeyote, mapema tu muulize atashukia wapi. Tiketi za safari hizi huuzwa pia vipande vipande: wako watakaoshuka San Francisco, wako watakaopandia huko na kushukia Sydney, na wako kama wewe wa mzunguko mzima. Usiache kumpenda mtu kwa sababu atashuka mapema, ila uhakikishe miongoni mwa rafiki zako wamo wawili watatu mnaorudi pamoja hadi Southampton. Vinginevyo Sydney itakuuma sana. Utaamka siku moja nusu ya meza yako imeondoka na viti vimekaliwa na watu wanaocheka kwa sauti usiyoizoea. Anwani na namba za simu ziandikwe kwenye daftari mapema, mkiwa mnakunywa chai, maana siku ya kushuka kila mtu ana masanduku na haraka.

Siku hiyo hiyo ya kupoteza wenzako ndiyo siku ya kupata wengine. Waliopanda leo wanasimama kwenye ngazi wakiwa hawajui mkahawa uko omo au tezi, mbele ya meli au nyuma. Wewe unajua. Wapeleke.

Siku ya Mfereji wa Panama ishughulikie peke yake. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1914, na meli hupandishwa kwa makufuli ya maji, yaani vyumba vyenye milango vinavyojazwa maji, hadi ziwa la Gatun, mita 26 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha hushushwa upande wa Pasifiki. Hufanyika pole pole na kuchukua sehemu kubwa ya siku, na abiria wote hujazana sitaha za mbele kuanzia alfajiri. Chukua kofia ya jua na maji, tafuta nafasi kwenye reli, ubaki hapo. Utasimama bega kwa bega na watu wale wale kwa saa nyingi, wote mkitazama kitu kimoja, na hakuna anayehitaji kutafuta la kusema. Na mumeo wa Kilindini angependa kuiona siku hiyo kuliko zote. Waambie hivyo walio kando yako.

Hapo nakuja kwenye jambo zito zaidi. Utaulizwa, na utaulizwa sana, kwa nini unasafiri peke yako. Usijibu kwa kukwepa. Sema kweli kwa kifupi: "Ni safari aliyoitaka mume wangu, nimekuja kwa niaba yake." Halafu nyamaza. Nusu ya wanaokuuliza watakuwa na mtu wao wa kumtaja. Melini wajane na wagane ni wengi mno, na wengine wamebeba picha mkobani ambayo hawajapata wa kumwonyesha. Urafiki unaoanzia hapo hauhitaji dansi wala kinywaji.

Na wakati mgumu utakuja. Naona ni haki yako kuujua kabla. Haufiki mwanzoni. Hufika upya ukishaisha, na kwenu nadhani utawakuta baada ya Honolulu. Saa zitakuwa zimepishana na Leicester kwa saa kumi na Mombasa kwa saa kumi na tatu. Ukimaliza sala ya alfajiri saa 12 asubuhi huko Honolulu, Leicester ni saa 10 alasiri na Mombasa ni saa 1 usiku. Tumia saa hiyo. Wapelekee watoto ujumbe wa sauti, uwasikilize wao, kisha acha simu chumbani. Intaneti ya melini hukatika na huuzwa ghali, na mwanamke anayezunguka sitahani akitafuta mtandao haoni anayemsalimia. Binti yako mwambie tangu sasa kwamba kimya cha siku mbili kisimtie hofu.

Ramadhani isiwe mzigo kwako. Mhudumu anayesafisha chumba chako muulize kama kuna Waislamu miongoni mwa wafanyakazi. Mabaharia wa Indonesia na wa India wamejaa kwenye meli hizi, na vijana wa Kenya nao siku hizi wanaajiriwa, kwa hiyo usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Abiria haruhusiwi kuingia makazi yao, lakini atakwambia wanafuturu saa ngapi na atakusaidia upate matunda na maziwa ya daku. Beba tende zako. Kisahani kimoja kiweke mezani kila usiku, na wenzako saba watakuwa wanajua siku uliyofikia kwenye mfungo. Tende hizo usishuke nazo Auckland wala Sydney bila kuzitangaza kwa wakaguzi. Nchi zile ni kali kwa vyakula, na faini hutozwa papo hapo. Kwa kibla, dira ya simu hupotoshwa na chuma cha meli, kwa hiyo tazama ramani ya chaneli ya meli kwenye runinga ya chumbani, inayoonyesha mlipo na mnakoelekea.

Kabla ya kuondoka zungumza na sheikh wako juu ya mambo mawili: saumu ya msafiri, na siku itakayofutika. Mkivuka mstari wa tarehe kuelekea Samoa mtalala siku moja na kuamka mkiwa mmeruka siku nzima. Samoa yenyewe ilifanya hivyo kwa nchi nzima: mwaka 2011 watu walilala Alhamisi ya Desemba 29 wakaamka Jumamosi ya Desemba 31, serikali ilipotaka kalenda yao ilingane na ya Australia na New Zealand. Hesabu ya mfungo wako ipate jibu la mwenye elimu, nami simo katika hao.

Njiani humo humo mtavuka ikweta. Mabaharia wana mila ya zamani ya kumwogesha na kumpaka mambo anayeivuka kwa mara ya kwanza mbele ya "mfalme Neptuni". Charles Darwin mwenyewe alipitishwa humo mwaka 1832, akanyolewa kwa lami na rangi. Kwa abiria wa leo ni mchezo tu, na si lazima ushiriki. Lakini wewe umezaliwa digrii 4 kusini ya mstari huo. Siku ile wewe ndiye mwenyeji.

Kuhusu rafiki wa kuganda: mwekee mpaka mapema, kwa maneno matamu, tena kabla hujachoka naye. "Baada ya adhuhuri huwa napumzika peke yangu, tuonane kwenye chai." Sema hivyo siku ya kwanza na uishike saa hiyo kila siku, hata siku unapotamani kuwa naye. Mtu huelewa saa. Asichokielewa ni kukwepwa kwenye ngazi. Na mjulishe kwa wengine, umwalike kwenye timu yako au kwenye ushonaji, maana anayeganda mara nyingi ni yule ambaye hajapata mtu wa pili.

Baada ya Colombo mtaingia kwenye maji yetu. Miaka hii, kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi za mzunguko zimeacha njia ya Suez na kupitia Rasi ya Tumaini Jema, ndiyo maana ratiba yako inateremka hivyo hadi Mauritius, siku nne tano bila nchi kavu. Itakuuma kupita Bahari ya Hindi bila kutia nanga Mombasa. Usiumie peke yako chumbani. Mwezi Machi kaskazi huwa inaelekea ukingoni, upepo ule ule ulioleta majahazi ya Arabuni na India hadi mlangoni kwenu. Nenda kwa ofisi ya burudani wiki moja kabla, uombe kona ya ukumbi kwa saa moja alasiri, uwaeleze wenzako pwani ya Waswahili: misimu ya pepo, bandari ya zamani, kofia uliyoishona tangu Atlantiki. Hawataweka jina lako kwenye jukwaa kubwa, lakini meza tano za wasikilizaji utazipata, kwa sababu kufikia hapo watu watakuwa wanakufahamu.

Wiki hii, basi, iandikie kampuni barua moja yenye mambo yote: meza ya wanane, zamu ya pili, na swali la nyama ya halali. Kampuni nyingine huweza kuipakia zikiarifiwa mapema, nyingine haziwezi, na ni bora ujue kwa maandishi kabla ya kuondoka. Samaki na mboga hutavikosa. Vitabu beba viwili vitatu tu, maktaba ya meli itakutosha. Uzi, dada yangu, nunua mara mbili ya unaodhani unauhitaji, kwa sababu kabla hamjafika Honolulu watakuwepo wanaokuomba uwafundishe.